Mbwa Wangu Haishi "Sasa Hivi". Anakumbuka Mawe Yote

Wiki tatu zilizopita chaja ya simu ilinianguka pale sebuleni, nikainama kuiokota. Ni hivyo tu. Bando, mbwa wangu, alikuwa amejilaza mlangoni anaota jua. Kabla mkono wangu haujagusa sakafu, alikuwa ameshapita chini ya meza, ameangusha kikombe cha mama, na amejificha nyuma ya kochi anatetemeka. Halafu akakojoa hapo hapo.

Mama akaniangalia. Mimi nikamwangalia Bando. Wasee, sijawahi kumpiga huyu mbwa, hata kofi. Nimekaa naye miezi saba, anakula ugali na supu ya omena kutoka mkononi mwangu.

Baadaye ndio nikashtukia. Huku kwetu mtu akiinama mbele ya mbwa, kuna kitu kimoja tu anaokota: jiwe. Kama unabisha, nenda stendi ya Migori, ama Awendo, ama soko la Rodi Kopany. Chagua mbwa yeyote anayezurura, kisha inama kama unayefunga kamba za kiatu. Atakuwa ameshatoka mbio kabla hujagusa kamba. Mawe ndiyo yaliyomfundisha.

Na hapo ndio nikaona aibu. Juu mwezi uliopita niliposti video, nimekunja miguu kama mtawa, Bando pembeni, filimbi inalia polepole, nikasema: "Mbwa hana jana, mbwa hana kesho. Mbwa anaishi sasa hivi. Kuwa kama mbwa." Ile video ilifanya vizuri kuliko zote nilizotengeneza mwaka huu. Leo nimekuja kuipinga.

Nilisema uongo. Sikukusudia, lakini ni uongo. Nilisikia maneno matamu kwa mtu fulani wa ng'ambo mwenye mbwa wa manyoya mengi anayelala kitandani, nikayabeba hivyo hivyo mpaka Oruba bila kumuuliza mbwa wangu mwenyewe. Mbwa ana jana. Hata wanasayansi wamelipima hili: mwaka 2016 watafiti wa Budapest, Hungary, walionyesha kwamba mbwa anaweza kukumbuka kitendo alichomwona mtu akikifanya, hata kama hakujua kwamba ataulizwa baadaye. Lakini sikuhitaji Budapest. Nilikuwa na mkojo nyuma ya kochi.

Acha nirudi nyuma kidogo ili mjue kwa nini jambo hili limenigusa hivi.

Wengi wenu mnajua nilitoka chuo mwaka wa pili. Sitakitaja, hakina kesi na mimi. Karo ilikwama, halafu kichwa nacho kikakwama, nikarudi nyumbani Migori na begi moja na laptopu iliyokufa betri. Mchana nilikuwa sawa, nacheka na kila mtu. Usiku ndio kesi ilikuwa inasikizwa. Mshtakiwa ni mimi, kiongozi wa mashtaka ni mimi, hakimu ni mimi. Hukumu nilikuwa naijua kabla kikao kuanza.

Ni wakati huo rafiki alinitumia mazoezi ya kupumua. Unakaa, unafuata pumzi ikiingia na kutoka, akili ikitoroka unairudisha. Mimi naita umakinifu: akili kukaa pale mwili ulipo. Yalinisaidia. Si muujiza, lakini nilianza kupata usingizi kabla ya majogoo.

Watu wengi hudhani haya mambo yametoka kwenye programu za simu. Jon Kabat-Zinn ndiye aliyeyapeleka hospitalini, mwaka 1979, katika Chuo Kikuu cha Massachusetts kule Marekani. Aliacha dini pembeni, akabakisha mazoezi. Lakini mizizi ni ya Budha, aliyefundisha India ya kaskazini zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Na kabla useme hivi ni vitu vya mbali, jua kwamba ng'ambo ya ziwa letu, upande wa Entebbe, kuna Uganda Buddhist Centre. Ilianzishwa mwaka 2005 na Mganda halisi, mtawa Bhante Buddharakkhita. Huyu jamaa alienda India mwaka 1990 kusomea biashara, akakutana na watawa wa kutoka Thailand, na maisha yake yakachukua njia nyingine. Ni ziwa moja. Maji yanayopiga ufuo wa Homa Bay ndiyo yanayopiga kule.

Basi nikaanza kusoma, na hapo nikakutana na stori ambayo kama ningeijua mapema, ile video singeiposti.

Maandiko ya zamani ya Wabudha yanasimulia juu ya mtu mmoja anayeitwa Seniya. Alikuwa ameapa kuishi kama mbwa. Vua utani: alikula chakula kilichotupwa chini, alijikunja kama mbwa akikaa, na alifanya hivyo kwa miaka, akiamini ni njia ya kufika mbinguni. Siku moja akamwendea Budha pamoja na rafiki yake, ambaye yeye aliishi kama ng'ombe. Wakauliza: mtu anayeishi hivi atazaliwa upya kama nani? Budha akakataa kujibu. Wakauliza tena, akakataa tena. Mara ya tatu ndio akasema: mtu akifuata tabia za mbwa kikamilifu, akifa atazaliwa miongoni mwa mbwa. Na kama anadhani kwa kufanya hivyo atakuwa mungu, amepotoka. Seniya akalia machozi. Baadaye akawa mwanafunzi wa Budha, na inasemekana alifika mwisho wa njia.

Yaani zaidi ya miaka 2,000 kabla ya TikTok, kuna mtu alikuwa ameshajaribu "kuwa kama mbwa", na Budha mwenyewe akamhurumia.

Stori ya pili ni fupi zaidi, na ndiyo iliyonifungua macho. Budha alifundisha kwamba mtu akipata maumivu ni kama amechomwa na mshale. Lakini mtu asiye na mafunzo huchomwa mara mbili. Mshale wa kwanza ni maumivu yenyewe. Wa pili ni ule anaojichoma mwenyewe kwa kulia, kujilaumu na kulikataa lililokwisha kutokea. Mwenye mafunzo huumia pia, lakini kwa mshale mmoja.

Huku kwetu mishale hatuna. Tuna mawe. Jiwe la kwanza lilimpata Bando kabla sijamjua. Aliyelirusha simjui na sitamjua. Jiwe langu la kwanza ni siku niliyotoka chuo. Sasa swali ni, la pili linarushwa na nani?

Kwangu mimi jibu lilikuwa rahisi. Usiku ule wote wa kesi, mkono uliokuwa unarusha ulikuwa wangu. Mama alikuwa amenyamaza, majirani walikuwa wameshachoka kuuliza "unamaliza lini?", na mimi bado naokota.

Kwa Bando, jibu liliniuma zaidi. Kuna kitu hamkukiona kwenye zile video: mnyororo. Bando alikuwa anafungwa kuanzia asubuhi mpaka giza, kwa sababu ya kuku wa jirani. Nilikuwa nampigia picha kutoka pembe ambayo mnyororo hauonekani. Na alipojitikisa, ile kelele ya chuma nilikuwa naifuta kwenye simu kabla ya kuweka filimbi. Naomba mlisome hilo mara mbili. Nilikuwa nafuta sauti ya mnyororo ili niwafundishe amani.

Huu ndio msimamo wangu leo. Ukikaa kupumua pembeni ya mbwa, na huo umakinifu wako unakuonyesha pumzi lakini haukuonyeshi mnyororo ulio hatua mbili kutoka kwako, umelala tu, ila umelala ukiwa umekaa wima. Kazi ya haya mazoezi ni kuona kilichopo. Na huku kwetu kilichopo mbele ya mbwa wengi ni mnyororo, bakuli kavu na mkono ulioshika jiwe.

Sasa nimebadilisha nini?

La kwanza lilikuwa mnyororo. Nilikuwa nimeweka kando pesa kidogo za kununua taa ya kurekodia. Zikaingia kwenye waya, misumari na mabati matatu ya zamani, tukazungushia sehemu ya nyuma ya nyumba. Kuku wa jirani wako salama, Bando anatembea. Video zangu bado zina giza, mnivumilie.

La pili, matembezi ya alfajiri bila simu. Tunatoka saa kumi na moja na nusu, tunashuka upande wa mto Migori kabla bodaboda hazijaamka zote. Kuna mafundisho ya Budha kuhusu kuujua mwili wako ukitembea, ukisimama, ukikaa na ukilala, na mbwa ni mwalimu mkali wa hapo kwenye kusimama. Bando anaweza kunusa jani moja dakika mbili nzima. Mwanzoni nilikuwa namvuta. Sasa akisimama, nasimama. Nasikia miguu yangu kwenye viatu, nasikia baridi masikioni. Akili inatoroka, inarudi kule chuo, kwenye ile karatasi ya mtihani ambayo sikuifanya. Naona imetoroka. Naiita.

Na hapa ndio mbwa alinifundisha kitu ambacho zile programu hazikunifundisha. Mbwa akitoroka, ukimwita kwa matusi na fimbo mkononi, harudi. Na siku akirudi ukamchapa, umemfundisha kwamba kurudi ndio kosa. Lazima kurudi kuwe kuzuri. Akili ni vivyo hivyo. Miezi mingi nilikuwa nairudisha kwenye pumzi kwa kuitukana: "Wewe bure kabisa, hata kupumua huwezi." Ndio maana ilikuwa inatoroka tena. Siku hizi ikirudi naipokea tu. Karibu. Tuendelee.

La tatu halina filimbi: chanjo. Kichaa cha mbwa kinaua karibu watu 59,000 duniani kila mwaka, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, na takriban asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutoka kwa mbwa. Wengi wanaokufa ni wa Afrika na Asia, na miongoni mwao kuna watoto wengi. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Lakini asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa, ugonjwa unakatika. Kenya imejiwekea lengo la kumaliza vifo hivi kufikia 2030. Kwa hivyo ukiniambia unampenda mbwa wako na hujui kadi yake ya chanjo iko wapi, mimi nitakuuliza unampenda vipi. Na ukiumwa na mbwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usipake pilipili. Usingoje kuona kama mbwa atakufa.

Wabudha wana zoezi la kuwatakia heri viumbe vyote: wawe salama, wasiwe na hofu. Nalipenda. Lakini ukimtakia mbwa usalama na hujampeleka kuchanjwa, umemtumia salamu tu.

Najua mtakayosema, juu nimeshaambiwa yote.

Wa kwanza alikuwa mama. Mama ni Msabato, na aliponikuta nimekaa macho yamefungwa alisimama mlangoni akauliza, "Nyathina, umeingia dini gani tena?" Nikamwambia sijaingia popote, najifunza kukaa. Hakuridhika. Lakini ni mama mwenyewe aliyeniletea hoja nzito kuliko zangu zote. Wasabato wako huku tangu 1906, walipoanza pale Gendia karibu na Kendu Bay, na mama anazijua amri kumi kama namba yake ya simu. Nikamuuliza: siku ya Sabato ni nani wanaopumzika? Akaanza kutaja: wewe, mwanao, binti yako, mtumishi wako. Akafika kwa mnyama, akanyamaza. Sikuongeza neno. Hiyo ilikuwa wakati mnyororo bado upo, kabla ya yale mabati. Jumamosi iliyofuata kabla ya kwenda kanisani, nilisikia chuma kinaanguka chini huko nyuma. Mama alikuwa amemfungulia Bando. Hakuniambia kitu, na mimi sikumuuliza.

Kwa hivyo wewe unayeogopa neno Budha, tulia. Hutakiwi kubadilisha dini ili uache kumrushia mbwa mawe. Pengine dini yako ilishakuambia.

Wa pili ni jirani. "Watu hawana unga na wewe unatuletea hisia za mbwa?" Hii hoja naiheshimu, juu hata sisi kuna wiki unga unatusumbua. Lakini kutorusha jiwe ni bure. Bakuli la maji ni bure kama ulivyo ule ukoko wa ugali uliobaki kwenye sufuria. Na kama mbwa wako ni wa ulinzi, fikiria hivi: mbwa aliyezoeshwa mawe, siku mwizi akiinama usiku, nani atatoroka kwanza?

Wa tatu alikuwa dani, na yeye hakubisha.

Mwezi huu tulimtembelea, mimi na Bando. Anaishi upande wa Homa Bay, ukishapita Rodi Kopany. Makanga wa matatu alimkataa mbwa, ikabidi tupande Probox kutoka Rongo, Bando kwenye buti na gunia la mahindi, na dereva akadai mbwa naye alipe nauli. Nikalipa. Tulipofika, dani alikuwa shambani anapalilia. Kupalilia ni kuinama. Bando akaona, akatoka mbio mpaka kwenye ua, akabaki huko anatazama kwa mbali.

Nikaanza kumwita. "Bando! Bando! Kuja!" Sauti inapanda. Dani akaniambia, "Nyakwara, nyamaza. Unamtisha zaidi." Akaketi chini pale pale kwenye mtaro wa mahindi, akampa mbwa mgongo, akaweka vichwa vya omena juu ya jani kando yake, akaendelea kung'oa magugu kwa mkono akiwa ameketi. Hakumwita wala hakugeuka kumwangalia. Sijui ilipita nusu saa ama zaidi. Bando akaja, hatua kwa hatua, akala, akalala kivulini pembeni ya dani. Mimi nilikuwa nimesoma vitabu vitatu. Dani hajawahi kusikia hata jina la Budha.

Jioni tulienda mimi na Bando mpaka mjini, tukapanda kilima cha Asego. Kule juu unaliona ziwa lote limetandazwa. Nilikaa mpaka giza likaanza kuingia, na taa za wavuvi wa omena zikaanza kuwaka moja moja majini. Nilitaka sana kutoa simu. Bando alikuwa ameweka kidevu kwenye kiatu changu. Nikawaza chuo, kama kawaida, nikaona nawaza chuo, nikarudi kwenye kidevu.

Sijapona, na sitaki mtu afikiri mbwa ni dawa. Kama usiku wako ni mzito kuliko wangu, ongea na mtu, tafuta daktari. Bando naye hajapona. Lakini jana niliinama kufunga kiatu pale nje. Akasimama, masikio nyuma. Akarudi nyuma hatua tatu, nilizihesabu. Kisha akabaki hapo, anangoja kuona mkono utainuka na nini. Ukainuka mtupu. Akapiga mkia mara moja.

Kwa hivyo kesho ukikutana na mbwa njiani, mbwa yeyote, usimfundishe chochote. Usimrekodi. Pita tu na mikono wazi aione. Na usiku, ile kesi yako ikianza kusikizwa, angalia mkono wako umeshika nini. Ukiwa umeokota, weka chini.